Neno "Tanzia"

Barua ya tanzia ikifika, nyumba nzima hunyamaza. Kwa maana kwetu tanzia ni habari ya kifo. Lakini asili yake sivyo. Neno hili latoka katika Kiarabu, taazia, maana yake kumfariji mfiwa na kumtia saburi. Nao Waarabu hata leo hulitumia hivyo. Sisi tulilipokea neno, faraja ikabaki njiani. (Hiyo tumeipa jina jingine, rambirambi, nayo pengine ni fedha tu.) Walakini haikupotea yote. Mzee asiyejua kusoma humpelekea mwalimu barua yake amsomee. Mwalimu husoma jina la marehemu na siku ya maziko, kisha, macho yangali karatasini, huongeza maneno mawili matatu ya pole ambayo hayakuandikwa.