Nani Atawapiga Picha Mama Zetu? Kazi ya Radiografa na Somo la Fizikia

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, wazazi huniuliza swali moja: "Mwanangu kapata C, ataka kazi ya hospitali, tumpeleke wapi?" Tunaojua ni udaktari, unesi na famasia, basi. Leo nataka kueleza kazi ya radiografa, yule anayetupiga picha za eksirei, na kwa nini nadhani mabinti zetu hasa waifikirie.

Kwanza tusichanganye mambo. Radiografa ndiye anayepiga picha. Radiolojisti ni daktari bingwa anayeisoma na kuandika ripoti. Lakini picha ikipigwa vibaya, bingwa naye hana la kusoma. Mgonjwa akitikisika au akilazwa vibaya, mfupa uliopasuka waweza kujificha, na mtu akarudi nyumbani akaambiwa ni mshtuko tu.

Tangu Mjerumani Wilhelm Röntgen avumbue miale ya eksirei mwaka 1895, kazi hii imepanuka sana. Leo kuna CT, inayotumia miale hiyo hiyo kukata picha za mwili vipande vipande. Kuna ultrasaundi, inayotumia mawimbi ya sauti, ndiyo maana ni salama kwa mama mjamzito. Kuna MRI, inayotumia sumaku kubwa. Na kuna mamografia, ya kuchunguza saratani ya matiti.

Hapo kwenye mamografia ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Kipimo hiki chataka mwanamke avue nguo za juu, na anayepiga picha amshike titi na kuliweka sawa kwenye mashine. Dini yetu inaruhusu yaliyo ya dharura, hilo twalijua. Lakini twajua pia kwamba wapo mama na dada zetu ambao wakisikia ndani mna mwanamume, hujifunika buibui wakarudi nyumbani. Saratani haingoji. Njia moja ya kulitatua hili ni kuwa na mabinti wetu wenyewe nyuma ya mashine.

Wazazi wengi huogopa mionzi. "Mwanangu si atakosa kizazi?" Hofu hiyo yaeleweka, lakini kazi hii ina sheria. Mfanyakazi huvaa kifuani kipima mionzi, na kiwango cha kimataifa ni milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa kama 0.1 tu, na radiografa mwenyewe husimama nyuma ya ukuta wa kinga ya risasi. Akipata ujauzito, huarifu kazini mapema, apangiwe kazi zenye kinga zaidi au ahamishiwe ultrasaundi. Hapa Kenya anayesimamia mambo haya ni mamlaka ya KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Kinga yenyewe ni fizikia. Ukiongeza umbali kutoka kwenye chanzo cha mionzi mara mbili, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo. Radiografa asiyeelewa hilo atajidhuru mwenyewe na mgonjwa wake. Ndiyo maana chuo huangalia alama za sayansi, baiolojia na fizikia zikiwemo, na si wastani peke yake.

Njia iliyozoeleka ni diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na siku hizi maombi hupitia KUCCPS. Si kila kampasi inafundisha kozi hii, kwa hivyo angalieni kabla ya kujaza fomu. Ukikutana na chuo cha kichochoroni kinachoahidi cheti cha eksirei kwa miezi michache, funga mfuko wako. Mimi nina diploma, na sioni haya kusema kwamba diploma yatosha kumuanzisha mtu maishani. Baadaye anaweza kuongeza utaalamu wa ultrasaundi au CT, au kusoma shahada.

Sitowadanganya kwamba kazi itakuwa mlangoni siku ya mahafali. Ajira za kaunti huja kwa mafungu, na wengi huanzia kliniki za watu binafsi. Kuna zamu za usiku, kuna kuinua wagonjwa wazito, kuna majeruhi wa bodaboda saa tisa za usiku. Anayetaka kazi ya kukaa kitini atafute nyingine.

Lakini samaki mkunje angali mbichi. Binti akiacha fizikia kidato cha tatu kwa sababu kaambiwa ni somo la wavulana, mlango huu umejifunga kabla hajaujua. Wale wa mtaala mpya nao huchagua mkondo wanapoingia sekondari ya juu, na anayetaka kazi hii achague sayansi. Kabla hamjaweka sahihi kwenye ile karatasi ya kuchagua masomo, ketini na binti yenu, mumuulize fizikia inamshinda wapi. Pengine mwalimu wa tuisheni wa miezi miwili ndiye pekee anayehitajika.