Maji Yamefungwa, Kemikali Bado Imo Damuni

Desemba 2013 wakazi wa Kallinge, katika manispaa ya Ronneby kusini mwa Sweden, waliambiwa kwamba maji ya bomba waliyoyanywa kwa miaka mingi yalikuwa na kemikali za PFAS. Zilitokana na povu la kuzimia moto lililomwagwa wakati wa mazoezi kwenye kambi jirani ya jeshi la anga, likanywea ardhini hadi kwenye visima vya mtambo wa maji wa Brantafors. Vipimo vilizidi nanogramu 10,000 kwa lita. Mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 tu kwa PFOS, mojawapo ya kemikali hizo.

Mtambo ulifungwa, na hiyo ndiyo tiba ya kwanza. Dawa haifai kitu kwa mtu anayeendelea kunywa. Kuchemsha, kinga tuliyoizoea dhidi ya kipindupindu, hapa hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, kemikali zikabaki sufuriani. Mkaa maalumu wa kuchujia huzipunguza, alimradi ubadilishwe kwa wakati.

Lakini damu haisafiki kwa kufunga bomba. Watafiti waliowapima wakazi wa Ronneby mara kwa mara walikuta PFOS inachukua wastani wa miaka 3.4 kupungua nusu, na PFHxS, nyingine kati ya kemikali hizo, miaka 5.3. Figo huzichuja kisha huzirudisha kwenye damu. Ini huzitoa pamoja na nyongo, lakini zikifika utumboni hufyonzwa upya.

Kwenye mzunguko huo wa nyongo ndipo madaktari walipoona upenyo. Kolestiramini ni dawa ya zamani ya kushusha kolesteroli, unga wa chengachenga unaokorogwa kwenye maji au juisi. Hauingii kwenye damu. Hubaki utumboni, hunasa asidi za nyongo, hunasa na PFAS, vyote vikatoka na choo. Huko Korsør, Denmark, watu waliokula nyama ya ng'ombe waliolishwa malisho yenye PFOS walishiriki katika jaribio: gramu 4 mara tatu kwa siku, wiki 12. Kwa washiriki 45, PFAS katika damu ilishuka kwa asilimia 60. Katika wiki 12 za kukaa bila dawa ilishuka kwa asilimia 3. Australia nako, miongoni mwa wazimamoto 285, kutoa plazma mara kwa mara kwa mwaka mzima kulishusha kiwango cha PFAS zaidi kuliko kutoa damu ya kawaida.

Ni habari njema kweli. Hata hivyo, mgonjwa aelezwe bayana kwamba bado haijathibitishwa kuwa kushusha kiwango kunamwepusha na ugonjwa. Unga huo hufunga choo, na huzuia vitamini na dawa nyingine zisifyonzwe vizuri. Ndiyo maana ufuatiliaji una uzito uleule: mwaka 2022 akademia za kitaifa za sayansi za Marekani zilishauri kwamba wenye viwango vya juu wapimwe kolesteroli na tezi ya shingo, na wachunguzwe dalili za saratani ya figo na ya korodani. Kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu haumwi popote ni kumtupa.

Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Sweden iliamua, katika kesi ya wakazi wa Ronneby, kwamba kiwango kikubwa cha PFAS kwenye damu chenyewe ni jeraha la mwili, hata kabla ugonjwa haujaonekana.