Gari za mbio zinakimbizwa wapi, na kwa nini si barabarani?

Vijana wengi wa Kirumba wameona kwenye simu zile video za Porsche na Ferrari zikizunguka kwa kasi, na ndani yake watu wa kawaida tu. Wengine wanaulizaga: mashindano gani yale, mshindi ni nani?

Mara nyingi hakuna mshindi. Ni siku ambayo wenye uwanja wa mbio wanaufungulia mtu yeyote aliye na gari, permi na makuta ya kulipa. Uwanja wa Kyalami, karibu na Johannesburg, Afrika Kusini, uko na njia ya lami ya kilomita 4 na nusu. Nürburgring ya Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 1927, iko na njia ya karibu kilomita 21.

Asubuhi madereva wanafundishwa bendera. Ya njano: kuna hatari mbele, punguza, usimpite mtu. Ya bluu: aliye nyuma yako anakuja na kasi kuliko wewe, mwachie. Nyekundu: mbio zimesimamishwa kwa wote. Kofia ngumu, yaani kaske, ni lazima. Unaingia dakika 15 ao 20, unatoka, gari inapumzika. Magari yote yanaelekea upande mmoja. Hakuna mama anayevuka na mzigo, hakuna mbuzi, hakuna chukudu.

Afrika Mashariki ilichukua miaka mingi kufika hapo. Safari Rally ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za kila mtu, pamoja na mabasi na ng'ombe. Timu tajiri zilifika hatua ya kurusha helikopta juu ya gari, ili dereva ajulishwe kwa redio kama kuna lori ao mnyama mbele. (Hebu fikiri gharama ile!) Baada ya 2002 ilitoka kwenye ubingwa wa dunia. Iliporudi 2021, kule Naivasha, mbio zilifanywa kwenye njia zilizofungwa.

Hesabu yenyewe iko wazi. Kwenye lami kavu, gari yenye freni nzuri ikienda kilomita 50 kwa saa inasimama baada ya karibu metre 28, ukihesabu sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa kilomita 100, ni karibu metre 85. Kasi mara mbili, umbali mara tatu. Kwenye udongo uliolowa ni mbali zaidi. Motari anayeshindana na mwenzake kwenye RN2 siku ya soko, hata awe fundi namna gani, hana hizo metre.

Jambo lingine la uwanjani linawafaa madereva wetu wanaoteremka Kabasha, kutoka Kanyabayonga kwenda Rwindi. Freni zikikanyagwa bila kupumzika zinapata moto mpaka zinapoteza nguvu. Mafuta ya freni ya zamani yanakuwa yamefyonza maji ya hewani. Yakichemka, pedali inazama bila kushika. Kwa hiyo uwanjani mzunguko wa mwisho unaendeshwa polepole, upepo upoze freni, na gari ikisimama hawavuti freni ya mkono ikingali na moto: wanaacha gari kwenye gia. Kwenye mteremko kama Kabasha, ingiza gia ndogo ungali juu, injini ikusaidie kushika gari, na ukisimama weka jiwe nyuma na mbele ya tairi.