Pumzi ya Mpiga Mbizi Ni Amana Mkononi mwa Fundi

Mtoto wa ndugu yangu ni mpiga mbizi. Kazi yake ni kukwangua chaza na mwani ulioota chini ya vyombo, kukata kamba zilizojisokota kwenye rafadha na kutafuta nanga zilizopotea. Siku moja alirudi kazini magharibi, akalala bila ya kula. Kichwa kilimgonga na tumbo likamchafuka. Mamake akasema ni homa, na kulipokucha kijana alikuwa mzima. Juma la pili alizama tena, akarudi na kichwa kile kile. Safari hii aliniambia: "Ami, hewa ya mtungini ilikuwa na ladha ya moshi."

Neno hilo, msomaji, ndilo lililonipeleka Mbaraki.

Mbaraki waijua: pembezoni mwa Kisiwa, penye gati na maghala, na ile nguzo ya kale ya mawe isiyokuwa mbali na maji. Huko yuko fundi mmoja ambaye hakutaka jina lake litiwe gazetini. Kazi yake ni kuzifungua na kuzifufua kompresa za kujazia mitungi ya wapiga mbizi. Tuliipakia ya tajiri wa kijana wangu juu ya mkokoteni, tukafika saa nne ya asubuhi.

Nilidhani ataanza kwa spana. Alianza kwa swali. "Mkijaza mitungi, mashine hii mwaiweka wapi?"

Kijana akajibu kwamba hukaa shetrini mwa mashua, na mdomo wake wa kuvutia hewa uko shibiri mbili tu kutoka ekzosi ya injini yake ya petroli.

Fundi akatikisa kichwa. "Basi mwavuta moshi wenu wenyewe, kisha mwaenda kuuvuta tena chini ya bahari."

Hapo akatusomesha. Tairi la gari dogo hutiwa upepo wa ratili 30 hivi kwa kila inchi mraba. Mtungi wa mpiga mbizi hutiwa ratili 3,000, yaani mara mia. Mtungi wa lita 12 hushindiliwa hewa ya lita 2,400. Kazi hiyo haifanywi kwa mkupuo mmoja. Pistoni ya kwanza, iliyo pana, huishindilia hewa na kuipokeza ya pili iliyo nyembamba zaidi, nayo huipokeza ya tatu, pengine na ya nne. Kila hatua hewa hupata moto, kwa hiyo hupitishwa katika mabomba ya kupoza yaliyopindwa kama nyoka, na maji yanayojitenga hutolewa. Mwisho hupita katika chujio lenye dawa ya kukausha unyevu na makaa maalumu ya kunasa mvuke wa oili.

Alipoifungua mashine yetu aliona maovu matatu. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika, na oili ikipanda pamoja na hewa. Oili yenyewe ilikuwa ya gari, ambayo haikutengenezwa kwa joto kama lile, na ikiungua hutoa sumu. Tena makaa ya chujio yalikuwa yamelowa tepetepe. "Kitabu cha mashine huhesabu saa za chujio kwa hali ya hewa ya ubaridi," alisema. "Joto na unyevu wa Mombasa huzipunguza sana saa hizo."

Kijana akasema, "Haidhuru, nikionja moshi tena nitapanda juu."

Fundi akamtazama. "Mwanangu, shukuru Mungu kwamba umeonja moshi. Ile iuayo haina ladha."

Nayo ndiyo sumu ile ile ya jiko la makaa linaloachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa, watu wakalala wasiamke. Wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Bahari huizidishia ukali. Penye kina cha mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, hivyo sumu kidogo ambayo mtu angeistahimili akiwa barazani hupata nguvu mara nne kule chini. Kisha mpiga mbizi anapopanda, oksijeni iliyokuwa ikimsaidia kwa wingi wa mgandamizo hupungua, naye aweza kuzimia akiwa karibu na uso wa maji. Kipimo cha Ulaya hakikubali zaidi ya sehemu 5 za sumu hii katika milioni. Makaa ya chujio hayainasi. Yatakikana dawa nyingine iitwayo Hopcalite, iliyobuniwa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na dawa hiyo ikipata unyevu haifai kitu.

Mashine ilikaa kwa fundi siku sita. Alitia ringi na vavu mpya, akamwaga oili ya gari na kutia inayostahili. Akaitoa injini ya petroli na kufunga mota ya umeme, ili mitungi ijazwe nchi kavu. Mdomo wa kuvutia hewa aliuungia mpira mrefu ulio mpana, maana ukiwa mwembamba mashine hukabwa roho. Ncha yake itapandishwa juu ya mlingoti, upande unakotoka upepo. Na kwenye chujio akaongeza chumba cha pili, cha ile dawa.

Siku ya saba akaja tajiri. Alipoiona hesabu uso ulimgeuka. Akataka chumba cha pili kiondolewe, atakilipia mwezi ujao. "Mashine yapiga upepo vizuri, wanitoza nini tena?"

"Upepo ni kitu kimoja, bwana," fundi akamjibu, "na pumzi ni kitu chengine. Kama ni ya kupakia magari rangi, ichukue sasa hivi. Kama ni ya watoto wa watu, haitoki hapa."

Tajiri akaondoka kwa hasira. Nakiri, msomaji, kwamba moyoni nilitamani fundi alegeze kidogo. Nilimfikiria kijana asiye na kazi na mamake anayengoja posho. Fundi alifunga mlango, akaenda zake kusali adhuhuri.

Nilikaa pale kizingitini nikawakumbuka wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba, kabla ya lulu za kupandikizwa za Kijapani kuivunja biashara yao katika miaka ya 1930. Mzamiaji alishuka na jiwe mguuni, na juu yake alikuwako mvuta kamba, aitwaye saib, ambaye hakuliachia jicho lake wala mkono wake. Kamba ikitikisika huvuta. Mzamiaji hakuwa na la kufanya ila kumwamini.

Kamba ya siku hizi ni kompresa. Hewa ya mtungini ndiyo waliyoitegemea wapiga mbizi walioichimbua merikebu ya Kireno Santo António de Tanná chini ya Ngome ya Yesu, kuanzia 1977 hadi 1980. Ilizama mwaka 1697 Waomani walipoizingira Ngome. Na sote twaukumbuka mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya Likoni likiwa na mama na mwanawe. Ilichukua siku 13 kulipata, penye kina cha karibu mita 60. Waliozama tuliwaona. Waliowajazia mitungi hatukuwaona, nao wangekosea kidogo tungezika wengine.

Siku ya nne tajiri alirudi na fedha zote. Fundi akajaza mtungi mmoja, akavunja ncha ya kijineli cha kioo chenye dawa inayobadilika rangi ikikutana na sumu, akaipitisha hewa. Tukangoja. Rangi haikugeuka. Ndipo akampa kijana mtungi.

Ewe mwenye mwana au ndugu afanyaye kazi hii, usimwulize tu kama mtungi umejaa. Mwulize umejazwa na nani, mashine iliwekwa wapi, na chujio lilibadilishwa lini. Kijana wangu sasa huuliza kabla ya kuvaa, na tangu siku ile hula chakula chake cha usiku.