Fahamu: Haki zako mkopeshaji wa simu anapowapigia jamaa zako

Miongoni mwa mambo yaliyowaudhi mno Wakenya tangu programu za mikopo zienee katika simu ni desturi mbaya ya baadhi ya wakopeshaji, ambao, wakisha kuruhusiwa kuisoma orodha ya nambari za mdeni, huwapigia jamaa zake, rafiki zake, hata mwajiri wake, ili fedheha ifanye kazi iliyopasa kufanywa na sheria.

Sheria yasemaje?

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamhakikishia kila mtu faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yaamuru kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa madhumuni yaliyo bayana, wala zisizidi kiasi cha haja hiyo. Kadhalika kanuni za Benki Kuu za 2022 zimewakataza wakopeshaji hao kutisha, kutukana, na kuwasumbua bila idhini watu waliomo katika orodha ya mdeni.

Aliyedhulumiwa afanyeje?

Na ahifadhi kila ujumbe aliopelekewa, kisha apeleke malalamiko, kwa maandishi au kwa mdomo, kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye amepewa siku 90 za kuyachunguza na kuyakamilisha, naye aweza kumtoza mkosaji faini ya hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo.

Dawa ya deni ni kulipa, na mwia ana haki ya kudai mali yake. Walakini hadhi ya mdeni haikuwekwa rehani.