Muthokoi Machakos: Changeni Pesa Kabla Gari Halijaondoka

Wikendi ndefu inakaribia na kundi lenu la WhatsApp tayari limeamua: safari hii ni Machakos, kwa mama wa mmoja wenu, kula chakula cha Ukambani kilichopikwa nyumbani. Safi sana! Sasa kuna swali ambalo hakuna anayependa kuliuliza: kuku ananunuliwa na nani?

Machakos si mbali. Kutoka Nairobi ni kilomita 60 na kitu kwa barabara ya Mombasa. Mnapita Athi River, mkifika Kyumvi mnakata kushoto. Wengi hupitia pia Kituluni, pale ambapo maji yanaonekana kama yanapanda mlima. Kwa hivyo mafuta ya gari hayatawasumbua sana. Kazi iko jikoni, na huanza siku moja kabla.

Chakula hakikungoji, kinakutangulia

Chukua muthokoi. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, hutwangwa kwenye kinu mpaka ganda litoke, kisha hupepetwa. Siku hizi unaweza kuyanunua sokoni yakiwa tayari yamekobolewa, lakini bado yanalowekwa usiku kucha na kuchemshwa kwa saa kadhaa pamoja na maharagwe au mbaazi, zao linalovumilia ukame wa Ukambani. Mwishoni ndipo kitunguu na nyanya vinaingia. Kuku wa kienyeji naye si wa kuharakishwa. Bila moto wa kutosha atawashinda meno.

Maana yake ni kwamba mkifika saa saba mchana, mama ameshatumia pesa tangu jana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi kama wageni wamemwachia deni dukani?

Hesabu ndogo

Tuseme mko watano na mwenyeji amewapa makadirio haya:

- Kuku wawili: Sh2,400
- Muthokoi na mbaazi: Sh600
- Mboga, nyanya, vitunguu na mafuta ya kupikia: Sh500
- Makaa: Sh300
- Asante ya mpishi: Sh1,200

Jumla ni Sh5,000, yaani Sh1,000 kila mtu. Mafuta ya gari yahesabiwe kando ili mwenye gari asije akalipa mara mbili.

Kuna kitu ambacho wengi husahau: ada. Mkimtumia mweka hazina, halafu yeye amtumie mama, ada inakatwa mara mbili. Na kama mama atatoa pesa kwa wakala, tuma na ya kutolea, la sivyo kuku wa pili anaanza kupungua mguu. Muulize kwanza: huenda jirani anayeuza kuku na mwenye duka wote wanapokea malipo kwa simu, na hakuna haja ya kutoa pesa taslimu.

Tuma kwa usalama

1. Tumeni angalau siku mbili kabla. Na dereva asishike simu akiwa barabarani.
2. Chukueni namba kutoka kwa rafiki yenu mwenyewe, kwa sauti. Ujumbe wa "mama amebadilisha namba, tumeni hapa" ni mtego wa zamani. Pigeni simu kwanza.
3. Soma jina linalotokea kabla muamala haujakamilika. Si lake? Sitisha hapo hapo.
4. Umekosea namba? Omba muamala urudishwe mara moja kupitia mtoa huduma wako. Pesa ikishatolewa, kuipata ni kibarua.
5. Mweka hazina akipokea ujumbe wa pesa, aangalie salio kwanza. Ujumbe wa uongo huandikwa kama wa kweli, lakini salio halidanganyi.
6. Mtu asiyejulikana akipiga simu kusema amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie mwenyewe. Mwambie awasiliane na mtoa huduma wake.

Pesa ikishafika, wekeni jumla na matumizi kwenye kundi, waziwazi. Yule aliyekwama mwezi huu aambiwe mapema kwamba anaweza kuchanga Sh500 na wengine wakajaza, au alete sukari na unga. Ni afadhali hivyo kuliko aseme "nina shughuli" na abaki nyumbani kwa sababu ya aibu. Urafiki mwingi huharibiwa na elfu moja ambayo hakuna aliyeitaja.

Kwa kuwa mmeshalipa, mezani hakuna mambo ya simu tena. Mtakula, mtaongezwa, na mkikataa sahani ya pili mtaulizwa kama chakula ni kibaya. Mkimaliza, semeni "ni muvea muno", asante sana kwa Kikamba.

Una swali kuhusu ada au kurudishiwa pesa? Wapigie huduma kwa wateja kabla ya safari. Na kumbuka: hatutakuuliza namba yako ya siri hata siku moja.