Kitunguu Saumu, Pilipili na Bakteria wa Tumbo

Kuanzia Kasongo hadi Kabambare, na kwetu Lusangi, mtu akiumwa vidonda vya tumbo hakosi washauri. Mmoja atamwambia aache pilipili kwenye sombe. Mwingine atamwambia atafune kitunguu saumu kila asubuhi.

Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Hujichimbia kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo na kutengeneza amonia, asidi isimuue. Barry Marshall na Robin Warren walimbaini Australia mwaka 1982. Wenzao walikataa kuamini, basi mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao, akaugua. Tuzo ya Nobel ilikuja 2005.

Kitunguu saumu kikipondwa hutoa kemikali iitwayo alisini, na maabarani alisini humuua kweli bakteria huyu. Wauzaji wa dawa sokoni hawasemi uongo hapo. Lakini tumbo si chupa ya maabara: chakula hupita, alisini huvunjika, na adui amejificha chini ya ute. Mwaka 1999 David Graham na wenzake, kule Houston, Marekani, waliwalisha wenye bakteria hao punje 10 za kitunguu saumu kibichi pamoja na mlo. Siku nyingine wakawapa pilipili. Hakuna kilichowapunguza bakteria.

Brokoli imefanya vizuri zaidi. Japani, katika utafiti wa mwaka 2009, watu walikula gramu 70 za machipukizi yake kila siku kwa wiki 8, na dalili za bakteria zikashuka. Miezi miwili baada ya kuacha, zilikuwa zimerudi palepale. Chakula kilimbana bakteria, hakikumng'oa.

Kwa hiyo tule saumu na brokoli kwa faida zake nyingine, lakini tusimnyime mgonjwa tiba kwa ajili hiyo. Bakteria huyu aliorodheshwa mwaka 1994 kati ya visababishi vya saratani. Hupimwa kwa kinyesi au pumzi, na hutibiwa kwa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, mara nyingi kwa siku 14. Amoksilini ya vidonge vitatu vinne kutoka dukani humzoesha bakteria dawa tu.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nazo huchimba vidonda, hata pasipo bakteria. Ndugu msomaji, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, usisubiri saumu: nenda hospitali siku hiyo hiyo.